Nani aliwaua kuku wa mama? Historia ya kumtafuta muuaji asiyeonekana

Leo hakuna simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Leo ni kuku. Msikimbie kwanza, kwa maana hadithi hii ina utafutaji wa hitilafu ndani yake kushinda kazi yangu yote ya mwaka huu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mama alinipigia simu usiku. Hakusalimu. "Kuku wameisha, mwanangu."

Alikuwa na kuku 31 wa kienyeji. Katika muda wa siku tano wakabaki 4. Kwa wale mliokulia mjini, naomba mwelewe kwamba hao hawakuwa kitoweo. Kuku wa mama ndio benki yake. Mgeni akija anachinjiwa mmoja, mtoto akiugua anauzwa mmoja, na majogoo sita walikuwa tayari wamepangiwa kazi: karo ya muhula wa tatu ya mpwa wangu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alisema ni upepo wa kiangazi. Mjomba alisema kuna mtu ameweka sumu. Muuzaji wa agroveti alisema ni kipindupindu cha kuku, akamuuzia mama unga wa antibaiotiki wa kuchanganya na maji. Mama akawanywesha, na kuku wakaendelea kufa vilevile.

Halafu mama akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Wewe si mtu wa kompyuta? Mtu hujuaje kitu ambacho hakionekani?"

Nilimjibu ovyo ovyo tukakata simu. Lakini swali lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma usiku baada ya kazi. Makala hii ndiyo jibu langu kwa mama, pamoja na jambo moja nililogundua njiani ambalo sikulipenda hata kidogo.

Ugonjwa mmoja au miwili?

Tuanzie Italia. Mwaka wa 1878 Edoardo Perroncito alieleza ugonjwa mkali uliokuwa ukiwaua kuku kaskazini mwa nchi hiyo. Ulienea haraka na kuua karibu kila kuku uliyemgusa. Baadaye ulikuja kuitwa tauni ya kuku.

Shida ilikuwa kwamba kulikuwa na ugonjwa mwingine uliofanana nao sana, yaani kile kipindupindu cha kuku alichokitaja muuzaji wetu. Hicho kinaletwa na bakteria. Louis Pasteur alikuwa akiwafuga bakteria hao katika mchuzi ndani ya chupa miaka hiyohiyo ya mwisho wa 1870, na kutokana nao akapata moja ya chanjo za kwanza za maabara. Ukiwa na darubini unawaona. Ukiwatia katika mchuzi wanaongezeka. Ukimdunga kuku anakufa. Mambo safi kabisa.

Kwa kuku wa tauni, mambo hayakuwa safi. Unatazama damu kwa darubini, huoni kitu. Unaitia katika mchuzi, hakioti kitu. Lakini ukichukua damu hiyohiyo ukamdunga kuku mzima, anakufa.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Ujumbe wa hitilafu ni uleule, chanzo ni tofauti. Ukitibu ujumbe badala ya chanzo, utakesha.

Chujio la kauri

Kifaa kilichofungua njia hakikutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka wa 1884 Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Pasteur, alitengeneza chujio la kauri lenye vitundu vidogo sana. Alitaka kupata maji safi yasiyo na bakteria. Maji yanapita, bakteria wanabaki.

Watu wakaanza kulitumia kwa kuuliza swali. Mwaka wa 1892 Dmitri Ivanovski alichuja maji ya majani ya tumbaku yaliyougua, na maji yaliyopita bado yakaambukiza mimea mingine. Mwaka wa 1898 Martinus Beijerinck alirudia jambo hilo na kusema wazi kwamba hapa kuna kitu cha aina mpya. Mwaka huohuo Wajerumani Friedrich Loeffler na Paul Frosch walionyesha kwamba ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe nao hupita kwenye chujio. Na mwaka wa 1901 Waitalia Centanni na Savonuzzi wakaonyesha hivyo hivyo kwa tauni ya kuku.

Angalia uzuri wa jaribio hili. Hakuna aliyeona chochote. Lakini nadharia ya bakteria imetolewa mezani, kwa sababu bakteria wamebaki juu ya chujio na kilichopita chini bado kinaua. Mzee wa agroveti, samahani.

Je, sumu ya mjomba? Sumu pia inapita kwenye chujio. Hapo kuna hatua ya pili. Unamdunga kuku wa kwanza maji yaliyochujwa. Akiugua, unachukua tone la damu yake unampa wa pili, kisha wa pili unampa wa tatu, na kuendelea hivyo. Kama ni sumu, kila hatua inaipunguza makali, na baada ya kuku kadhaa haibaki kitu. Lakini hapa kuku wa mwisho alikufa kama wa kwanza. Maana yake kitu hiki kinajinakili chenyewe kila kinapohama. Mjomba naye akae chini.

Mwaka huohuo wa 1901 kulitokea jambo ambalo nataka mlikumbuke hadi mwisho wa makala. Huko Brunswick, Ujerumani, palikuwa na maonyesho ya kuku. Tauni ikazuka katikati ya maonyesho. Maonyesho yakavunjwa, na kila mwenye kuku akarudishiwa wake aende nao nyumbani. Ugonjwa ukapata usafiri wa bure hadi sehemu nyingi.

Newcastle, 1926

Sasa tuje kwa mtuhumiwa wetu. Mwaka wa 1926 kuku walianza kufa kwa wingi katika kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia, na mwaka huohuo wakafa karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Newcastle ni mji wa bandari, na wengi wamedhani tangu zamani kwamba ugonjwa ulishuka kutoka melini.

Dalili zilikuwa za tauni ya kuku. Kuku anajikunyata, manyoya yanasimama, anahema kwa shida, anaharisha, kisha anakufa. Wakachuja. Kikapita kwenye chujio. Wengi wangeandika "tauni ya kuku" katika ripoti na kwenda nyumbani.

T. M. Doyle wa maabara ya mifugo ya Weybridge hakwenda nyumbani. Alikuwa na kuku wachache walioponea ugonjwa huo mpya. Inajulikana kwamba mwili ukishapambana na ugonjwa unaukumbuka. Basi akauliza: hawa walionusurika, nikiwapa tauni ya kuku itakuwaje? Kama ugonjwa ni mmoja, hawatadhurika.

Walikufa.

Na kingamwili za ugonjwa mmoja hazikuwa na msaada dhidi ya mwingine. Kumbe ni virusi viwili tofauti vilivyovaa nguo moja. Doyle alichapisha matokeo yake mwaka wa 1927, na jina alilochagua lilikuwa la muda tu. Hakutaka jina la kueleza dalili, kwa kuwa dalili ndizo zilizokuwa zikiwachanganya watu. Akaupa jina la mji: ugonjwa wa Newcastle. Kila mtu aliyewahi kuandika faili liitwalo "jaribio2" akidhani atalibadilisha kesho anajua jina la muda huishi muda gani. Karibu miaka mia moja sasa.

Sisi kwa Kiswahili tunauita kideri, na ndugu zetu wa Tanzania wengine huuita mdondo. Hapa Kenya taarifa za kwanza zilizoandikwa ni za mwaka wa 1935, tena kutoka Pwani, na kutoka huko ukasambaa bara.

Yai, damu na sahani

Hadi wakati huo maabara ya virusi vya kuku ilikuwa ni banda la kuku. Ulitaka kupima, ulitoa uhai wa kuku. Mwaka wa 1931 Alice Woodruff na Ernest Goodpasture wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walifaulu kukuza virusi vya ndui ya kuku ndani ya yai lenye kifaranga kinachokua. Fikirini kidogo. Virusi haviongezeki ila ndani ya chembe hai, na hapa kuna chombo chenye chembe hai, kilichofungwa vizuri, hakiingii uchafu, na kinauzwa kwa bei ya yai. Virusi vingi vya kuku, pamoja na kideri, vikahamia humo. Hadi leo chanjo nyingi hutengenezwa katika mayai.

Kisha ikaja bahati ya mwaka wa 1941. George Hirst, akiwa New York, alikuwa akikusanya majimaji kutoka kwenye mayai yenye virusi vya mafua ya binadamu. Mshipa wa kifaranga ukapasuka, damu ikachanganyika na majimaji. Chembe nyekundu za damu zikagandana mafungu mafungu. Mwingine angemwaga aanze upya. Hirst alitaka kujua kwa nini. Jibu ni kwamba kirusi kina vishikio vingi juu yake, na kimoja kinaweza kushika chembe mbili za damu kwa pamoja. Virusi vikiwa vingi, vinafuma wavu. Baada ya muda mfupi ikagundulika kwamba kirusi cha kideri nacho hufanya hivyo.

Sasa kitu kisichoonekana kilikuwa na alama unayoiona kwa macho matupu. Damu isiyo na virusi huzama na kuwa kitone chekundu chini ya kijishimo. Damu yenye virusi hubaki imetandazwa kama wavu.

Na jaribio hili linageuzwa kinyume, na hapo ndipo mimi nilipopenda. Chukua maji ya damu ya kuku unayemshuku. Yapunguze kwa nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu tena: 1/2, 1/4, 1/8, 1/16, na kuendelea katika safu ya vijishimo. Ongeza kiasi kilekile cha virusi katika kila kijishimo, halafu damu. Kama kuku huyo aliwahi kukutana na kideri, kingamwili zake zitavifunga virusi mikono na damu itazama kama kawaida. Mahali wavu unapoanza kutokea ndipo kingamwili zilipoishiwa nguvu. Jibu linasomwa kama kipeo cha mbili. Sahani ina safu 8 za vijishimo 12, jumla 96. Mtu yeyote aliyezoea vipeo vya mbili angejisikia nyumbani.

Mwaka wa 1955 majaribio ya aina hii yalitoa mshangao mwingine. Werner Schäfer, mjini Tübingen, alionyesha kwamba ile tauni ya kuku ya Waitalia ni jamaa wa mafua ya aina ya A yanayowapata binadamu. Zaidi ya miaka 50 ilipita tangu lile chujio la 1901 ndipo muuaji akapata jina la ukoo. Leo tunaiita homa ya mafua ya ndege, na tangu watu 18 waugue na 6 kufa huko Hong Kong mwaka wa 1997, hakuna aliyeicheka tena.

Herufi mbili

Sasa tumefika katika zama zetu, za kusoma msimbo wenyewe.

Msimbo wa kirusi cha kideri una herufi zipatazo 15,186. Hiyo ni karibu na urefu wa makala unayoisoma. Humo mna maagizo ya protini chache tu, na mojawapo, iitwayo F, ndiyo inayokifungulia kirusi mlango wa chembe. Lakini F inatoka ikiwa imefungwa. Ni lazima ikatwe mahali fulani ndipo ifanye kazi, na kirusi hakina kisu. Kinategemea vimeng'enya vya kuku mwenyewe.

Katika virusi vipole, mahali hapo panakatwa na kisu kinachopatikana katika njia ya hewa na utumbo tu. Kuku anapata mafua kidogo, au haonyeshi chochote. Katika virusi vikali, mahali hapo pameandikwa kwa namna ambayo kisu kilichomo katika karibu kila chembe ya mwili kinaweza kupakata. Hapo kirusi kinaingia ubongoni, moyoni, kila mahali. Ndiyo maana kuku wa kideri hupinda shingo.

Kati ya upole na ukali huo kuna umbali gani? Australia ilikaa miaka mingi na kirusi kipole ambacho hakikumsumbua mtu. Kati ya mwaka wa 1998 na 2002 mashamba ya huko yakapigwa na kideri kikali. Watu walidhani kimetoka nje. Waliposoma msimbo, wakakuta ni kirusi chao wenyewe, na mahali pale pa kukatia palikuwa pamebadilika herufi mbili. Mbili, kati ya elfu kumi na tano.

Nimewahi kuangusha mfumo wa mteja kwa kusahau alama moja, kwa hiyo sikushangaa sana. Lakini nilikaa kimya kidogo.

Kurudi nyumbani

Sasa kuku wa mama. Nilipompigia afisa wa mifugo, waliokufa walikuwa wamezikwa zamani. Nikadhani ushahidi umekwisha. Yeye akacheka: "Si umesema wanne wako hai?"

Kumbe walionusurika ndio kumbukumbu ya mfumo. Mama hakuwahi kuwachanja kuku wake hata siku moja. Kwa hiyo wakikutwa na kingamwili za kideri, njia ni moja tu waliyozipatia. Akaja akatoa damu kidogo kwenye mshipa wa chini ya bawa, akaituma maabara ikiwa kwenye barafu. Jaribio ni lilelile la Hirst lililogeuzwa. Watatu kati ya wanne walikuwa na kingamwili nyingi. Wa nne, kuku mmoja mweusi mkorofi anayelala juu ya mti wa parachichi mbali na wenzake, hakuwa nazo.

Afisa akauliza swali la mwisho: kuna kuku mgeni aliyeingia nyumbani wiki moja au mbili kabla?

Nilijua jibu kabla mama hajasema. Alikuwepo jogoo mkubwa mwekundu aliyenunuliwa sokoni ili kuboresha mbegu. Nilimnunua mimi. Nilimleta siku ya Jumamosi, nikamfungulia miguu katikati ya kuku wa mama, tukampiga picha. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa. Kideri hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya kujionyesha, mara nyingi siku 5 au 6. Jogoo huyo alikuwa mzima kabisa kwa macho siku niliyomnunua, kama walivyokuwa kuku wengi wa Brunswick mwaka wa 1901.

Siwezi kuweka programu mpya kwenye mfumo wa mteja bila kuijaribu pembeni kwanza. Jogoo nilimweka moja kwa moja. Wiki mbili katika banda la peke yake zingetosha.

Nilimwambia mama kwa simu. Akanyamaza. Kisha akaniuliza chanjo ni pesa ngapi. Karo ya muhula ule nililipa mimi, na hiyo ilikuwa haki.

Kuhusu chanjo, kuna habari njema inayofaa ukurasa huu. Chanjo nyingi za kideri zinataka baridi, na kijijini hakuna friji. Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitafuta kati ya virusi vipole vya kwao vile vinavyostahimili joto, wakapata kimoja kilichoitwa I-2. Kisha mbegu yake ikatolewa bure kwa maabara za nchi zinazoihitaji, zijitengenezee zenyewe. Ndiyo, wasomaji, chanjo ya msimbo huria. Msumbiji waliitengeneza, na ndugu zetu wa Tanzania pia. Inadondoshwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi minne.

Kikwazo kilichobaki ni hesabu. Chupa moja ina dozi mia au zaidi, na mwenye kuku wanne haoni sababu ya kuinunua. Kwa hiyo mama amewakusanya majirani saba, wananunua chupa moja na kuchanja siku moja, asubuhi na mapema kabla kuku hawajafunguliwa. Jirani wa upepo naye yumo. Bado anasema ni upepo, lakini kuku wake huwaleta.

Kuku mweusi bado analala kwenye parachichi. Mama anasema huyo haruhusiwi kuchinjwa.

Haya, tuonane wiki ijayo, nitarudi kwenye mambo ya kompyuta. Na ukienda sokoni kununua jogoo, tafadhali mtafutie chumba chake kwanza.